Mada ya Jumamosi: kiumbe mwenye jinsia saba

Ndugu wanakikundi,

Jumamosi saa mbili usiku tutajadili Tetrahymena thermophila, kiumbe wa seli moja aishiye katika maji baridi, ambaye ana jinsia saba na huweza kujamiiana na jinsia yoyote isipokuwa yake mwenyewe. Naomba tusahau dume na jike, kwani hapa hakuna yai wala mbegu: seli mbili zinazolingana hushikamana, hubadilishana viini, kisha huachana. Ajabu kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba jinsia ya kizazi kipya haifuati ya wazazi. Kila seli ina viini viwili, kidogo cha kurithisha na kikubwa cha kuendesha kazi za kila siku; kiini kikubwa kinapoundwa upya, DNA hukatwa na kuungwa hadi zikabaki jeni kamili za jinsia moja tu, karibu kama bahati nasibu.

Faida yake iko wazi, kwa kuwa jinsia zote zikiwa sawa kwa idadi, wenzi sita kati ya saba wanafaa. Mbona basi viumbe wengi wana mbili tu? Tuanzie kwenye hoja ya wanabiolojia Hurst na Hamilton ya mwaka 1992, kwamba jinsia mbili, ambapo moja tu hurithisha mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati), huzuia mgongano kati ya mitokondria za wazazi wawili seli zinapoungana kabisa, jambo ambalo Tetrahymena, anayebadilishana viini pekee, hahitaji kuliogopa.