Barua kwa Mwanangu Neema: Kabla Hujaacha Diploma

Mwanangu Neema,

Mama yako amenieleza mlivyozungumza Jumapili. Nilitaka kukupigia saa ile ile akanizuia, akasema sisi wawili tukishikana kwa simu lazima mmoja akate, na kwamba safari hii ingekuwa zamu yangu. Basi vijana wameenda kula, karakana imetulia, naandika. Baraka atapiga picha kurasa hizi akutumie.

Nasikia unataka kuacha diploma ya usanifu wa ndani ya nyumba ukiwa mwaka wa pili, uingie kozi ya miezi sita ya kuchora kwa kompyuta, kwa kuwa rafiki yako ameimaliza na sasa ana wateja Kilimani. Sina neno na rafiki yako. Picha zake ulinionyesha na zinapendeza kweli. Sofa unaiona ukatamani kuikalia. Swali langu ni moja na nitalirudia mpaka unichoke: hicho chumba alikipima nani?

Mimi nakula kwa kutengeneza vitu vilivyochorwa na watu wa kozi kama hiyo, na mara nyingine nakula kwa kuvitengeneza mara ya pili. Juzi imeletwa kazi ya kabati la nguo la ghorofa moja huko Kileleshwa. Mchoro safi, rangi zimepangwa, hata maua yamewekwa juu ya droo. Kimo sentimita 240, kina 60, dari iko 245. Mchoraji ameacha sentimita tano juu akaona zinatosha. Nikamuuliza kijana aliyeuleta, mtalisimamishaje? Akaniangalia tu. Kabati la kipande kimoja huingia chumbani limelala, kisha linainuliwa. Likiwa linainuka, kona yake inapanda juu kuliko kimo chenyewe. Chukua 240 na 60, utafute ule mshazari wa kona hadi kona, utapata zaidi ya 247. Dari ni 245. Lingekwama katikati ya chumba limeegemea dari kama mlevi, na hapo hakuna randa ya kukuokoa. Tukaligawa, kitako peke yake na sanduku juu yake, na mteja akalipia siku ambazo hakuzipangia.

Hiyo hesabu ni ya Pythagoras, uliifanya sekondari na ukaipata. Kompyuta haikuona tatizo kwa sababu ndani ya kompyuta kabati halibebwi na mtu, linatokea tu limesimama.

Kuna na hili la bodi. MDF, ile bodi ya unga wa mbao, inakuja futi nane kwa nne, yaani sentimita 244 kwa 122. Mtu akichora rafu za urefu wa 125 na kina cha 40, bodi moja inanipa tatu, na kipande kinachobaki hakitoi nyingine. Akizichora 121 napata sita, hata baada ya msumeno kula milimita zake tatu nne kila unapopita. Yaani kwa sentimita nne za urembo mteja amenunua bodi mara mbili. Mwenye kujua hilo anaweza kumwambia mteja bei na bei ikasimama. Asiyejua anamwambia bei, halafu anaanza kujificha simu zikilia.

Wewe unasema masomo ya vifaa, ujenzi na makadirio yanakuchosha. Najua, niliona alama ya makadirio. Ya kuchora ulikuwa wa kwanza darasani na mama yako alimwambia kila mtu kanisani, mpaka mimi nikaona haya. Lakini watu wengi wanajua kuchora, Neema. Makadirio ndiyo yatakayokulipia kodi ya nyumba.

Nani alipima? Nauliza tena. Kuta za hapa mjini hazijanyooka, hata za ghorofa za watu wakubwa. Unapima chini, unapima katikati, unapima juu, halafu unashika kipimo kidogo. Unapima mishazari miwili ya chumba. Ikitofautiana, ujue chumba kimekaa upande. Unaandika swichi ziko wapi, bomba la maji linatokea wapi, mlango unafungukia upande gani, ngazi ina upana gani pale inapokata kona. Hayo yote hayafundishwi kwa kutazama skrini. Yanafundishwa na mwalimu anayekurudisha saiti mara ya pili kwa sababu ulisahau dirisha, kama yule unayesema anakuonea.

Na siku mteja atakapokuambia bomoa huu ukuta tupate sebule kubwa, utamjibu nini? Kuna ukuta wa kutenga vyumba na kuna ukuta uliobeba slabu. Ukiwa na shaka unamwita injinia, na mabadiliko ya jengo yana idhini zake za kaunti. Sitaki kusikia jina la binti yangu likitajwa na watu waliosimama mbele ya vifusi.

Ule mchoro wako wa duka la kinyozi nimeubandika karakana, karibu na swichi. Wateja wakiuliza nasema ni wa binti yangu, na mmoja amechukua namba yako, asipokupigia si kosa langu. Ila nimeutazama kila siku na kuna jambo. Mlango wa duka lile unatazama magharibi, na kioo kikubwa umekiweka mkabala na mlango. Nairobi iko karibu sana na ikweta. Jua linaegemea kaskazini mwezi wa Juni na kusini Desemba, lakini jioni linaingia upande wa magharibi mwaka mzima. Saa kumi na moja mtu anayenyolewa atakuwa anapigwa na mwanga wa kioo machoni, na kinyozi ameshika wembe. Kisogeze kioo ukuta wa pembeni. Taa nazo, umeandika tu "taa nyeupe". Balbu ya Kelvin 6500, ile nyeupe ya kibaridi, na ya 3000, ile ya manjano, haziipi ngozi rangi moja, wala rangi ya ukuta haibaki ile uliyochagua dukani. Mwambie mteja apake kipande kidogo, awashe taa usiku, atazame, ndipo anunue ndoo.

Mama yako amesoma mpaka hapa begani mwangu, akasema kama nilitaka ujue mbao ningekuruhusu uingie karakana ulipoomba. Mashine haina mchezo, na kidole cha Musa umekiona. Hata hivyo ufunguo wa ziada sasa ameuweka yeye, na ile randa ndogo nimeinoa. Jumamosi huwa hakuna msongamano wa kazi.

Kama bado umeshikilia hiyo kozi, basi angalau fanya jambo moja kabla ya kutoa hata shilingi. Angalia kama hicho chuo kina leseni ya TVETA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyuo vya ufundi, na usiishie kwenye jina la chuo, hakikisha na kozi yenyewe imeidhinishwa. Wengi wana bango kubwa, kompyuta mpya na sofa nzuri mapokezi. Halafu unamaliza, unaomba kazi, cheti kinarudishwa. Programu za kuchora unaweza kujifunza jioni ukiwa unaendelea na diploma. Hata sasa SketchUp unaijua vizuri, sijui unakimbilia nini. Jumba la mikutano la KICC hapa Nairobi lilichorwa na Nøstvik wa Norway na David Mutiso wetu, wakaanza kulijenga 1967 na likakamilika 1973. Sisemi ukae miaka sita. Nasema hata mwaka na nusu uliobaki?

Labda ni pesa unafikiria. Mama yako anadhani ni pesa, anasema ulimuuliza kama biashara inaenda. Inaenda. Tulipokuwa Ngong Road wateja walikuwa wanatuona wakiwa kwenye gari, huku Kariobangi mtu lazima awe anakutafuta, lakini wanatafuta. Karo ya muhula huu imelipwa na risiti iko kwenye droo ya televisheni. Ya muhula ujao usiulize, hiyo ni kazi yangu. Na mkopo wa HELB, ile bodi ya serikali ya mikopo ya masomo, ukishauchukua watakudai umalize usimalize, kwa hiyo kuacha hakutupunguzii kitu.

Jambo jingine, nilisikia ukimwambia mwenzako kwa simu kwamba baba yako "yuko kwenye biashara ya fanicha". Sawa. Ni kweli pia. Lakini ukifika ofisi za watu kwa atachimenti, yale mafunzo ya kazini, sema baba yako ni fundi wa mbao. Mafundi wa saiti watakuheshimu na hawatakuficha kitu, na utahitaji wasikufiche. Ukiwa huko, futikamba iwe yako, usiazime. Nitakununulia ya mita nane, hizi za mita tatu ni za washonaji.

Kaunta ya jikoni hapa nyumbani nimeambiwa iko juu mno, na kwamba fundi wake hakumpima mpishi. Iko sentimita 90 kama vitabu vinavyosema, ila mpishi wetu ni mfupi na anakata sukuma kwa kusimama kwenye kreti ya soda. Ukija utuchoree nyingine, na milango ya chini ya sinki usiandike MDF, ile ya sasa imevimba kwa maji mpaka bawaba zinang'oka. Andika plaiwudi ya marini, bei nitajua mwenyewe.

Baraka amekua tena, viatu vya Januari havimwingii. Mwalimu wake anataka maboksi na gundi kwa kazi ya shule, na gundi anayoichukua ni yangu. Mwenye nyumba ameahidi kubadilisha tangi tangu Pasaka. Mgao umebadilika, maji sasa yanakuja Alhamisi usiku tu, kwa hiyo ukija Jumamosi usilete nguo za kufua. Na umpigie nyanya yako, amempa mtoto wa jirani simu aitazame, anadhani imeharibika.

Ni mimi,
Baba yako