Malalamiko: mlimuuzia mtoto wangu safari ya gorila asiyoruhusiwa kwenda

Kwa Meneja,

Yah: Kurudishiwa hela ya vibali vya gorila, Rwanda

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu wa hapa Moshi, tulilipia kwenu safari ya Kigali na Musanze mimi na binti yangu, na ofisini kwenu Arusha nimepiga simu mpaka nimechoka, kila siku naambiwa tutakurudia mama, ndo maana sasa naandika.

Binti yangu ana miaka 14. Kule Rwanda mtu wa chini ya miaka 15 haruhusiwi kupanda kuona gorila, na hiyo sheria haijaanza jana wala haijafichwa, kampuni yoyote inayouza Rwanda inatakiwa iwe inaijua. Pasipoti yake niliwatumia WhatsApp kabla hata sijalipa advansi, na kibali kinatoka kwa jina la mtu na namba ya pasipoti, kwa hiyo kuna mtu ofisini kwenu aliishika akajaza kibali, na tarehe ya kuzaliwa iko pale pale chini ya jina, akaona sawa tu, hela ikapokelewa.

Kinigi, pale wanapokusanyika wa kupanda kuona gorila, tulifika saa 1 asubuhi kama inavyotakiwa, baridi kali, mtoto kaingiza suruali ndani ya soksi siafu wasimpande, ana furaha hajalala usiku kucha. Watu wanapangwa makundi ya wanane wanane. Renja akafungua pasipoti yake, akaiangalia, akarudia tena kuiangalia, akaniambia kwa Kiswahili kizuri kabisa, mama huyu hawezi kupanda. Yule kaka simlaumu hata kidogo, anafanya kazi yake na ile sheria inalinda watoto na wanyama wenyewe maana magonjwa yetu wanayapata. Lakini binti alikuwa kasimama hapo hapo amesikia kila kitu, na hakulia, aliinama tu akaanza kuitoa suruali kwenye soksi. Mimi ningeweza kwenda, ila namwachaje mtoto na dereva nchi ya watu? Kwa hiyo vibali vyote viwili vimepotea. Najua mgeni wa mbali analipa dola 1,500 kwa saa moja na gorila na sisi wa Afrika Mashariki tunapunguziwa sana, lakini hiyo yetu nimeidunduliza kwenye duka.

Mkanijibu kwamba sheria za nchi nyingine haziko chini yenu. Jamani, mume wangu anaongoza wageni mlimani, Kilimanjaro yetu wenyewe mtoto wa chini ya miaka 10 haendi kileleni, na hakuna ofisi mji huu inayopokea hela ya mgeni bila kuuliza umri. Kwani sisi wenyeji hatuulizwi kwa sababu gani?

Halafu mkasema mtanifidia kwa kunipeleka hifadhi ya Akagera, huko huko Rwanda. Akagera ni pazuri, simba walirudishwa 2015 na faru 2017, nawapongeza Wanyarwanda kwa moyo wote, ila mtu wa huku ambaye Ngorongoro anaenda na kurudi, simba sio kilichomtoa nyumbani. Mngesema hata msitu wa Nyungwe, lile daraja la kuning'inia juu ya miti, ningejua mmefikiria. Na siku ya kutembea Kigali mliipanga Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi, siku ya umuganda, nchi nzima iko kwenye usafi na kazi za jamii mpaka saa 5, maduka yamefungwa, tumekaa hotelini. Hiyo nayo hamkuijua?

Ninachotaka ni hela ya vibali viwili yote, bila makato ya ofisi, na msinipe vocha ya safari nyingine. Na mmoja wenu ampigie binti yangu mwenyewe amwombe msamaha, namba mnayo. Majibu naomba kwa maandishi, simu zenu sipokei tena, na nisipojibiwa mpaka mwisho wa mwezi huu barua hii naipeleka kwenye mamlaka inayowapa leseni.

Mteja wenu,
Moshi