Barua kwa mwanangu: ukialikwa Pchum Ben

Binti yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Wenyeji wako hapo Phnom Penh wakikualika Pchum Ben, sikukuu ya Wabuddha wa Kambodia ya kuwakumbuka marehemu, usiende kama mtu anayekwenda kutazama ngoma. Utapewa kazi jikoni, kisha utapewa sinia, kwa hiyo ujue unachokifanya.

Ni siku 15 za mwezi unaopungua, Septemba au Oktoba. Siku 14 za kwanza familia hupokezana kupeleka chakula hekaluni. Ya 15 ndiyo siku ya wote. Wakambodia huamini kwamba wakati huo preta hufunguliwa. Preta ni marehemu aliyezaliwa upya katika njaa kwa sababu ya matendo yake: tumbo kubwa, mdomo kama tundu la sindano. Huko hakuna kulima, kufuga wala biashara; wanategemea kinachotoka huku. Tena si wote wanaofikiwa. Mafundisho ya kale yanataja aina 4, na wanaopokea ni wa aina moja tu, wale wanaoishi kwa kupewa na wanaowakumbuka jamaa zao.

Wageni wengi hukosea hapa: hudhani chakula chenyewe ndicho kinachosafiri. Sivyo. Unampa mtawa, tendo hilo linazaa thawabu, na thawabu ndiyo unayomwelekezea marehemu. Wanasimulia kwamba Bimbisara, mfalme wa India ya kale, alimlisha Buddha asiseme ni kwa ajili ya nani. Usiku preta wakapiga mayowe ikuluni. Walikuwa jamaa zake wa maisha ya nyuma, waliokula chakula kilichotengewa watawa. Kesho yake akatoa tena, safari hii akawataja. Maji yakawa kwao mabwawa ya mayungiyungi, chakula kikawa shibe, na vitambaa vikawa mavazi. Umekulia kwenye khitma, hili halitakushangaza sana.

Ndiyo maana orodha ya majina ya marehemu inazidi sufuria kwa uzito. Husomwa na achar, mlei anayeongoza ibada. Jina likirukwa, mwenye jina huhesabiwa kuwa hakualikwa. Watu husema preta huzunguka hadi mahekalu 7 akitafuta sadaka ya jamaa zake, na akiikosa huwalaani.

Jikoni mtafunga num ansom, yaani wali wa kunata unaoviringishwa kwenye jani la mgomba. Mchele wa kunata na choroko zilizokobolewa hulowekwa usiku kucha. Jani la mgomba lipitishe motoni kwanza lilegee, la sivyo litachanika kwenye mkunjo. Tandaza mchele, choroko, nyama ya nguruwe, choroko tena, mchele tena, kisha viringisha na ufunge kwa kamba. (Wewe waombe ya ndizi, ipo.) Ukikaza mno, mchele ukivimba jani hupasuka, ukilegeza, maji huingia na wali unakuwa rojorojo. Huchemshwa saa nyingi, na maji yafunike daima. Yakipungua ongeza ya moto, maana sehemu iliyobaki nje ya maji hutoka na kiini kigumu.

Madonge ya kutupa, bay ben, ni wali huohuo wa kunata na ufuta, pengine na tui la nazi. Tui likizidi donge huachana mkononi. Saa 10 alfajiri, kwa mishumaa na ubani, watu huzunguka jengo kuu la hekalu mara 3 wakiyatupa gizani, kwa kuwa preta wenye mzigo mzito wa matendo mabaya huogopa mwanga. Ukichelewa mpaka kukapambazuka, umetupa wali tu. Wapo watawa wanaosema ni upotevu hata gizani, heri kila kitu kiingie kwenye bakuli la mtawa. Naona wana hoja, ila ubishi huo waachie wenyewe.

Chakula cha watawa kifike mapema, kwani baada ya saa 6 mchana hawali. Vaa blauzi nyeupe, vua viatu, kunja miguu pembeni ili nyayo zisiwaelekee. Na usimkabidhi mtawa kitu mkono kwa mkono, kwa sababu wewe ni mwanamke. Weka juu ya kitambaa alichotandika.

Huenda wakakuomba majina ya marehemu wetu wayaongeze kwenye orodha. Wanafanya hivyo kwa upendo. Ukiona vyema, waambie kwa upole kwamba sisi tunawaombea kwa njia yetu, kisha uendelee kubeba sinia.

Mama yako