Kwa vijana wa Lamu mnaosomea mitandao ya kompyuta

Wanangu,

Assalamu alaykum. Mlipokuja likizo niliwasikia barazani Mkomani, mmoja akisema somo la kugawa anwani za mtandao, yaani namba za kutambulisha kila kompyuta, amelikariri apite mtihani tu, maana siku hizi kuna programu ya kuipiga hesabu ile. Neno hilo halijanitoka.

Nimevuta nyaya za simu katika mji huu, kisha za kompyuta. Kazi yangu ya kwanza ya kompyuta nilipitisha kebo ya shaba kutoka nyumba moja hadi ya pili, kama mita 130. Taa ya swichi, kile kisanduku cha kuunganishia kompyuta, ikawaka, nikalipwa, nikaenda zangu. Siku ya tatu mashine zikawa zapotea na kurudi. Mwisho wa kebo ile ni mita 100, imeandikwa vitabuni, nami sikusoma. Kazi yote niliifumua kwa fedha zangu, na aibu ilikuwa kubwa kuliko fedha.

Sasa hesabu. Anwani ya IPv4, aina ya anwani mnayoisomea, ni biti 32, yaani nafasi 32, kila moja 0 au 1. Ukiandika 192.168.10.0/26, biti 26 ni za mtandao, zabaki 6 za vifaa, nazo hutoa anwani 64. Toa ya kwanza, hiyo ndiyo ya mtandao wenyewe, na ya mwisho, ya kuviita vifaa vyote kwa pamoja. Zabaki 62, na ruta, kifaa cha kuunganisha mtandao huo na mingine, nayo yataka moja, zabaki 61. Shule yenye kompyuta 70 ukiipa hizo, 9 zitakosa anwani, na mwalimu atadhani mashine ni mbovu.

Ipigeni kwa kalamu mpaka mkono uzoee. Kisha andikeni programu yenu kwa Python, lugha ya kuandikia programu, ifanye hesabu hiyo hiyo, mlinganishe majibu na karatasi. Pakitofautiana, tafuteni kosa msilale. Mimi naamini mtu hujifunza zaidi usiku huo mmoja kuliko mihadhara ya wiki nzima.

Na waifai msiipangie mezani. Kuta zetu za mawe ya matumbawe ni nene, humeza mawimbi; chumba cha pili tu mawimbi huifikia simu yakiwa dhaifu. Tembeeni na simu mkononi, mpime chumba kwa chumba, ndipo mchore.

Mkirudi Disemba, kuna madrasa moja Langoni yataka mtandao. Njooni na rula na karatasi. Ngazi ninayo.

Mzee wenu, Lamu