Risala ya Klabu ya Wasomaji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kumuenzi Abdulrazak Gurnah

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, Sheha wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Assalaam alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu, na tunakushukuru wewe kwa kukubali mwaliko na, zaidi, kwa kufika mwenyewe.

Mzee wetu Gurnah alizaliwa hapa Unguja mwaka 1948. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya Mapinduzi, alikwenda Uingereza akiwa kijana. Huko alisoma, akafundisha Chuo Kikuu cha Kent mpaka kustaafu. Alipotunukiwa Nobel ya Fasihi mwaka 2021 alikuwa na riwaya 10. Mengine, Mheshimiwa, unayajua.

Klabu yetu imepata mafanikio makubwa. Imeinua usomaji skulini kwa kiwango cha kuridhisha sana, na imeshika nafasi ya nne katika mdahalo wa wilaya. Skuli zilizoshiriki hazikuwa nyingi, lakini ushindani ulikuwa mkali.

Changamoto zipo, ila leo tunakuletea moja tu: vitabu. Mwaka 2022 ilitoka Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya yake Paradise ya 1994, kazi ya Dkt. Ida Hadjivayanis. Skuli nzima ina nakala moja. Jalada limeshonwa kwa uzi na kurasa za mwisho zimechomoka, hivyo wapo wanachama waliomfuata Yusuf, kijana wa riwaya hiyo, mpaka bara katika msafara wa tajiri Aziz, wasijue aliishia wapi. Kijana wa Canterbury, kule Uingereza kilipo Chuo Kikuu cha Kent, anaazima maktabani hadithi za pwani yetu. Sisi wa pwani yenyewe tunangoja zamu.

Mgeni rasmi wa mwaka jana, ambaye kwa heshima hatumtaji, alituahidi nakala 50 na kabati kabla ya Ramadhani. Makofi tulipiga, na picha zipo. Ramadhani ilikuja ikapita. Kila tukifuatilia tunaambiwa faili liko mezani, na hatuna shaka meza hiyo ni imara. Pahala pa kabati tulishapatenga. Kwa sasa panakaa mafagio.

Kwa unyenyekevu mkubwa, tunaomba nakala hizo 50 na kabati lenye kufuli. Tunaomba pia, utakaposimama kutujibu, uitaje tarehe mbele ya wazazi hawa. Katibu ameshashika kalamu.

Naomba kuwasilisha.