Bolti za injini kulegea, tusisingizie uzee wa gari

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Huku Mafinga malori mengi ya mbao ni Fuso na Isuzu za siku nyingi, na kila yakipaki utamkuta utingo yuko uvunguni na spana anakaza bolti za injini, leo kakaza wiki ijayo zimelegea tena, ukiuliza unaambiwa aah gari limechoka hilo. Mi hilo jibu silikubali. Umri haufungui nati. Bolti ileile ikilegea kila mara ujue kuna kitu kinailegeza na spana peke yake haimalizi.

Mara nyingi ukifuatilia utakuta ni raba za maunting, zile zinazoishika injini kwenye chesisi. Zimepasuka au zimelowa oili mpaka zimelainika, sasa kila dereva akiachia klachi injini inaegemea upande, akipunguza moto inarudi, na mtu anayepandisha mlima Kitonga na mzigo anabadilisha gia mara ngapi? Huo mchezo wa pembeni ndo unaofungua nati, Mjerumani mmoja Gerhard Junker alishaonyesha tangu 1969 kwamba bolti inayosukumwa kiubavu inajifungua yenyewe kirahisi kuliko inayovutwa kwa urefu wake. Na zile springi washa tunazozipenda kuweka chini ya nati zikipimwa kwa mtikisiko wa namna hiyo hazisaidii kitu cha maana. Kupima raba ni rahisi, gari liwe limewekwa vigingi na hendibreki, dereva akanyage breki atie gia namba moja aachie klachi kidogo tu halafu wewe uangalie ukiwa pembeni, usisimame mbele ya gari jamani. Injini ikinyanyuka upande mmoja nunua raba kwanza, habari za kukaza baadaye.

Halafu bolti zenyewe. Bolti ya maana ina namba ya uimara wake kichwani, 8.8 au 10.9, ila madukani tunauziwa zisizo na namba yoyote na fundi anafunga tu maadamu imeingia. Ya zamani nayo ikishavutika haibani tena hata uikaze vipi. Chukua mpya ya saizi hiyohiyo uzilaze pamoja nyuzi kwa nyuzi, zisipokaliana sawasawa kuanzia mwanzo mpaka mwisho ile ya zamani tupa.

Kinachonikera zaidi ni bomba. Fundi anachomeka bomba kwenye mkono wa spana ananing'inia, eti ndo imekaza. Bolti ya unene wa milimita 12 ya 8.8 kwa kawaida inataka kama nyutoni mita 80 hivi, hicho ndo kipimo cha nguvu ya kukaza, na kitabu cha gari ndo chenye neno la mwisho, sasa mtu mzima na bomba la mita moja anapita hapo bila hata kutoa jasho, bolti inavutika, kesho inaitwa imelegea. Gereji yenye mafundi wanne inashindwaje kuwa na toki renchi moja, ile spana inayopima nguvu ya kukaza? Na nyuzi zipigwe brashi ya waya zikauke, ukizipaka grisi wakati kipimo ni cha nyuzi kavu unakuwa umekaza kupita kiasi bila kujua.

Manifodi ya egzosti, pale moshi unapotokea kwenye injini, ina mambo yake. Nati zenye nailoni zinayeyuka pale, gundi ya bolti ya kawaida nayo haihimili ule moto, weka nati za kopa au zile washa za kukunja masikio, na ukishatembea safari ya kwanza ukaze tena injini ikiwa imepoa.

Ukimaliza kukaza chukua rangi nyeupe upige mstari mmoja kutoka kichwa cha bolti mpaka kwenye chuma ilichobana. Asubuhi utingo anamulika tochi tu, mstari ukiwa umekatika anajua ni ipi imezunguka, hana haja ya kugusa zote.

Mwenye Fuso,
Mafinga, Iringa