Tuta la usiku mmoja si dawa ya barabara zetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu matuta yanayoota usiku kwenye barabara za ndani hapa Dodoma. Mtoto akigongwa, vijana huchanga saruji na kokoto, na kukikucha tuta lipo. Hasira yao ni ya haki. Shida ni tuta lenyewe: fupi, kali, upana wake haufiki hata mita moja, halina rangi wala kibao cha kulitangulia. Gari dogo linakwaruza tumbo. Bodaboda anachepukia ukingoni, palepale anapopita mwenda kwa miguu, na mgeni wa njia analikuta gizani tayari ameshalipanda. Mvua za Desemba zikianza, maji yaliyozuiwa yanachimba kando yake, na kabla masika hayajaisha pana tuta na shimo pamoja. Isitoshe, kujenga chochote ndani ya hifadhi ya barabara bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, kwa hiyo mamlaka ikija kulibomoa mtaa hauna pa kulalamikia.

Tuta la kawaida la mgongo wa mviringo lina upana wa karibu mita 3.7 kwa uelekeo wa gari, na kimo cha sentimita 10 tu. Pale watu wanapovuka kwa wingi, bora zaidi ni kivuko kilichoinuliwa: kimo kilekile, lakini juu ni bapa kwa mita 3 au 4, na zebra inachorwa hapo juu. Kwenye kingo iachwe njia ya maji kuelekea mtaroni, na nguzo fupi za zege zisimamishwe kuziba upenyo wa pikipiki. Ukisahau nguzo, umewajengea bodaboda barabara yao. Rangi ya kawaida ya nyumba haimalizi msimu mmoja chini ya matairi na vumbi letu. Iombwe rangi maalumu ya barabarani yenye chembe za kioo, inayong'aa ikipigwa na taa.

Kabla ya kuomba chochote, mtaa upime. Vifaa ni chaki, futi kamba ya mita 30 na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Chora mistari miwili yenye umbali wa mita 50 kati yake, simama pembeni, hesabu sekunde ambazo gari linatumia kutoka mstari hadi mstari, kisha gawa 180 kwa sekunde hizo. Sekunde 6 ni kilomita 30 kwa saa, sekunde 3.6 ni kilomita 50. Dereva wa kilomita 30 anahitaji kama mita 13 kusimama kwenye lami kavu, wa kilomita 50 anahitaji zaidi ya mara mbili ya hapo. Mtoto akichomoka nyuma ya bajaji umbali wa mita 15, wa kwanza anawahi kusimama. Wa pili anafika akiwa bado na mwendo mkali.

Pimeni pia upana. Mtu mzima mwenye afya hutembea kama mita 1.2 kwa sekunde, hivyo barabara ya njia nne, mita 14, inamchukua sekunde 12. Bibi mwenye kuni kichwani anaweza kuhitaji 17 au zaidi. Ndiyo maana kwenye barabara pana kama ya Morogoro, upande wa Nzuguni ambako watu huvuka kwenda stendi kuu na soko la Job Ndugai, kisiwa cha katikati chenye upana wa mita 2 kina faida kuliko zebra tupu: unavuka nusu, unapumua, unatazama upande mmoja tu. Kituo cha daladala nacho kiwe baada ya gari kupita kivuko, si kabla yake, ili gari lililosimama lisimfiche anayevuka.

Nani apime? Hapa ndipo mitaa yetu inapokosea. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, nyumba moja ya Ipagala au Nkuhungu inaweza kuwa na Mgogo, Mrangi, Msukuma na mtumishi aliyetoka Dar es Salaam. Mkutano wa mtaa hata hivyo hujaa wenye nyumba, na wapangaji huona haiwahusu, ilhali ndio wanaotembea zaidi. Wafuateni vyumbani. Mtembee pamoja na mama muuza mboga, mwanafunzi, dereva wa bodaboda wa kijiwe cha hapo na mtu anayetumia kiti cha magurudumu, asubuhi saa 12:30, mchana madarasa ya chini yanapotoka, na tena giza likiingia. Aliyezaliwa hapo atawaonyesha korongo linakopita maji; mgeni atawaonyesha mahali alipokosa taa. Wote mtagundua kwamba slabu ya mtaro iliyovunjika inamsukuma mtu barabarani kuliko machinga mnayemlaumu.

Kivuli nacho ni usalama, maana kwa jua la Dodoma mtu hufuata mti, si zebra. Mwarobaini unastahimili, mradi mche uzungushiwe miiba dhidi ya mbuzi na usipandwe pembeni mwa kivuko ukamziba dereva. Inashangaza kidogo kwamba bado tunamdai mwenda kwa miguu nafasi yake, kwa sababu mpango mkuu wa mji wa mwaka 1976 ulimpa nafasi ya mbele.

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, Wakala wa Barabara Tanzania. Za mitaani ni za TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyoanzishwa mwaka 2017. Barua ikienda ofisi isiyo yake huzunguka miezi. Iambatanishwe na mchoro, vipimo, picha na muhtasari wa mkutano wa mtaa, ipitie kwa mtendaji na Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na vipaumbele hukusanywa miezi mingi kabla, hivyo barua ya Mei imeshachelewa. Ombi la Oktoba lina nafasi, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ibaki kwenye jalada la mtaa, kwa kuwa wenyeviti hubadilika.

Mkazi wa Nzuguni,
Dodoma